Mzee Aliyelishwa Alizeti

Bibi Mashine alikuwa na masikio mawili kama watu wote, lakini wiki ile kila sikio lilikuwa na zamu yake. La kulia lilimsikiliza Mzee. La kushoto lilimsikiliza Kijino.

Mzee alikuwa injini. Marehemu mume wa bibi aliinunua ikiwa imeshachoka, akaifunga kwenye kibanda cha kusagia nafaka, na kwa vile kila asubuhi ilipowashwa ilikohoa kwanza ndipo ishike kazi, watu wakaiita Mzee na jina likaganda. Ilikuwa ya dizeli, silinda moja, gurudumu zito pembeni, mkanda mrefu ukienda kwenye kinu. Bomba lake la moshi lilitoboa ukuta na kutokea nje, juu ya ua.

Kijino naye alikuwa mjukuu. Alipewa jina hilo enzi ana jino moja tu la mbele, limesimama peke yake kama mtu anayesubiri wenzake. Wenzake walishafika wote, mdomo umejaa, ila jina liligoma kutoka.

Ua ulikuwa mmoja. Kibanda cha mashine upande huu, vyumba upande ule, katikati sakafu ya saruji na kamba ya nguo. Upepo ukikaa vizuri, moshi wa Mzee ulipanda juu ukaenda zake. Upepo ukigeuka, moshi ulishuka uani mweusi tii, na shuka iliyoanikwa nyeupe ilianuliwa ikiwa na madoa. Hayo waliyazoea. Kisha kifua cha Kijino kikaanza kupiga mluzi.

Kilianza taratibu, kama birika linalofikiria kuchemka. Baadaye mtoto akawa anaamka amekaa, mabega yamepanda, anavuta hewa kama mtu anayevuta kamba ndefu kisimani. Mama yake akampeleka kwa daktari. Daktari akasikiliza mgongo, akatoa dawa ya kuvuta kwa mdomo, akasema mtoto akae mbali na moshi na vumbi.

Mama Kijino aliporudi alifunga dirisha la upande wa barabara, akamwaga maji mlangoni kutuliza vumbi. Hilo la vumbi likaisha hapo. Halafu akasimama katikati ya ua, akatazama juu, kwenye bomba.

"Mama," akasema, "nimepata vyumba viwili kule mwisho wa mji. Hakuna mashine wala karakana. Jumamosi ijayo, kifua kikiwa hivi hivi, tunahama."

Hakusema kwa hasira. Bibi angependa aseme kwa hasira, maana hasira ya mwanawe aliijua: ilikuwa inachemka, inamwagika, inapoa. Hii ilikuwa sauti ya mtu aliyeshakunja nguo kichwani.

"Na mimi?" bibi aliuliza.

"Wewe utakuja kututembelea. Mashine huwezi kuiacha, si ndiyo unayosema siku zote?"

Ni kweli alikuwa akisema hivyo siku zote. Siku ile maneno yake mwenyewe yalimrudia.

Mkwe wake alikuwa mwalimu wa karakana katika chuo cha ufundi. Wanafunzi walimwita Grisi, na mkewe pia alimwita hivyo akiwa amemkasirikia, kwa ajili ya kucha zake zisizotakata hata siku ya harusi. Jioni ile alimfuata bibi kibandani, akakaa juu ya gunia, mikono katikati ya magoti, kwa heshima ya mtu anayetaka kumwomba mama mkwe jambo.

"Mama, hebu niazime Mzee kwa wiki hii."

"Umpeleke wapi? Hata kusimama hawezi."

"Simpeleki popote. Nataka kumbadilishia chakula."

Chuoni, akaeleza, walikuwa wakitengeneza dizeli ya mimea kwa mafuta ya alizeti. Mafuta yenyewe yakiwa mabichi ni mazito, yangeziba tundu dogo linalopulizia dizeli ndani ya injini. Kwa hiyo waliyapasha moto, wakayachanganya na spiriti na soda kali ya kutengenezea sabuni, wakayaacha yatulie. Kitu kizito kama asali kinazama chini, kinachoelea juu ni chepesi, cha rangi ya dhahabu. Hicho kinaoshwa kwa maji, kinakaushwa, na injini inakila.

"Na moshi?"

"Moshi mweusi ni dizeli isiyoungua ikaisha. Hii inaungua vizuri zaidi. Moshi hautaisha, mama, nisikudanganye. Utapungua. Tutachanganya sehemu moja ya alizeti kwa sehemu nne za dizeli."

"Kwa nini isiwe alizeti tupu, tumalize kazi?"

"Mzee hajawahi kula chakula hiki. Tukimjaza ghafla ataharisha."

Bibi alicheka. "Basi mlishe," akasema. "Ila akinifia, wewe ndiye utakayesaga magunia ya watu kwa meno."

Siku ya kwanza Grisi alileta dumu la alizeti na mfuko mnene wa sufu wa kuyachujia mafuta hayo. Kabla ya kubadilisha chochote alipasua shuka kuukuu jeupe. Bibi akamwaga mahindi kinuni ili Mzee awe na mzigo, na Grisi, juu ya ngazi, akakifunga kipande cha shuka mdomoni mwa bomba kwa muda mfupi. Kilishuka cheusi kama sufuria ya kuni. Wakaweka mchanganyiko, wakamwacha Mzee angurume mpaka dizeli ya zamani iishe kwenye mipira ya mafuta, wakafunga kipande kingine. Kilishuka kijivu. Kijivu cha majivu baridi.

Bibi alivitundika vyote viwili kwenye mlango wa kibanda, kila mtu avione.

"Na nguvu?" akauliza. "Asije akawa msafi lakini goigoi."

Grisi aliinama karibu na gurudumu, bibi akaongeza mahindi. Mlio haukuzama. "Anavuta vilevile," akasema. "Kunywa ndiko kumezidi kidogo."

"Mzee gani atapewa kitu kitamu asizidishe."

Kibanda kizima kilinuka kama jiko ambamo mtu anakaanga. Wateja waliingia wakinusa. "Bibi, leo Mzee anakaanga nini?" aliuliza muuza mkaa wa mtaa ule, mwanamke asiyepitwa na jambo.

"Anakaanga wambea. Sogea karibu."

Waliangua kicheko. Bibi naye alicheka, huku sikio la kushoto likiwa limevuka ua, limesimama mlangoni kwa Kijino. Kulikuwa kimya, na kimya kile kilimpa moyo.

Jioni alifunga kibanda, akajikung'uta kidogo mabegani, akaenda kukaa kizingitini kama kawaida yake. Kijino alikuja mbio akajitupa mapajani, akaficha uso kifuani kwa bibi. Ndiyo ilikuwa saa yao.

"Haya, mke mwenzangu. Kitendawili."

"Tega."

"Nilimtuma akiwa punje, akarudi akiwa wingu."

"Unga," Kijino alijibu bila kufikiri. "Hicho cha watoto, bibi. Nipe kigumu."

Bibi alikuwa anatafuta kigumu aliposikia. Kwanza kikohozi kimoja, kikavu. Kisha vingine viwili vilivyoshikana. Kisha ule mluzi. Akamkumbatia mtoto kwa nguvu zaidi, akamsugua mgongo, akamfunika na ncha ya kitenge chake asipigwe na ubaridi, na mluzi ukazidi. Mama Kijino alitoka na dawa ya kuvuta mkononi. Akampa mtoto, akasubiri atulie, akanyanyua macho kulitazama bomba.

"Ni ule uliobaki hewani, mwanangu," bibi alisema haraka. "Ni wa jana huo."

Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Mchana mtoto anacheza, anaruka kamba, anaongea peke yake na vifuniko vya chupa. Jioni, kizingitini, mapajani kwa bibi, kifua kinafungwa. Na kesho kutwa tena. Kipande cha shuka kilichofungwa kwenye bomba kilizidi kuwa cheupe, maana Grisi alisafisha pia ile pua ya kupulizia dizeli, na bibi hakuelewa. Kama moshi unapungua, kikohozi kilikuwa kinatoka wapi?

Usingizi wake ukawa wa sungura. Alihesabu moyoni mambo ambayo hayangekuwepo tena: kikombe kidogo chenye mpini uliovunjika, ndala za udogo wa kiganja zilizopangwa kinyume, sauti ya kuuliza "bibi, umelala?" kwa mtu aliyekwisha kulala. Halafu alijilaumu. Mtoto anakosa pumzi, wewe unahesabu ndala.

Akaamua kufanya bidii zaidi. Dumu la pili lilipokuja, aliona mfuko wa Grisi unachuja polepole mno, tone, tone, kama mtu anayelia kwa adabu. Yeye alikuwa na kitu bora. Pale unga unapotokea kinuni hufungwa mfuko mrefu wa kitambaa, unaopitisha upepo na kuzuia unga. Mifuko iliyochakaa bibi hakuitupa kamwe. Aliikung'uta, akaikata, akaitumia kwa kila kitu: kuchujia maji, kuchujia asali, kufungia dawa ya meno ya marehemu. Katika nyumba ile, kitambaa cha mashine kilikuwa ndicho kisafi kuliko vyote. Si ndicho kilichobeba chakula cha mtaa mzima?

Akachuja alizeti yote kwa kitambaa hicho, upesi, akiwa na furaha kidogo ya mtu aliyejiongeza. Akaichanganya na dizeli, moja kwa nne, akajaza tangi.

Jumamosi ikafika.

Mama Kijino alikuwa amefunga begi moja tangu asubuhi. Liliwekwa karibu na mlango, mto wa Kijino ukiwa umechomekwa juu, ukitoa shingo. Bibi alilipita bila kulitazama, kama unavyompita mbwa usiyemwamini. Akawasha Mzee.

Mzee akakohoa, akashika, akanguruma vizuri. Wateja walikuwa kwenye foleni. Lakini haukupita muda sikio la kulia likashtuka. Kati ya pigo na pigo palikuwa na nafasi ambayo haikuwepo jana. Mzee alishuka kama anayesinzia, akajizoa, akapanda, akashuka tena. Mahindi yaliyokuwa kinuni yakaanza kupigwa kwa uvivu.

"Bibi, Mzee ana nini?" muuza mkaa aliuliza.

"Anawaza."

Alipunguza mahindi. Akakaza kifuniko hiki, akalegeza kile. Akaomba kimoyomoyo, si kwa ajili ya magunia, Mungu alijua: leo tu, usinifie leo tu, wasije wakasema ni alizeti. Mzee akashuka mara ya mwisho. Gurudumu likazunguka kwa mazoea, polepole, polepole, likasimama.

Kimya kilichofuata kilijaza ua wote. Ng'ambo, mama Kijino alitoka mlangoni akifuta mikono.

"Imekufa?"

"Imepumzika," bibi alisema.

"Mama." Binti alilitamka neno hilo kwa upole kiasi kwamba bibi alilazimika kuangalia pembeni. "Umejitahidi. Sote tumeona."

Wateja walihamisha magunia yao kwenda mtaa wa pili. Grisi aliitwa, akaja na spana zake. Hakulaumu wala hakusifu. Alifuata njia ya mafuta kwa kidole, kutoka tangi, kwenye mpira, mpaka kwenye kikombe cha chujio, akakifungua.

Chujio la Mzee lilikuwa la karatasi iliyokunjwakunjwa, na kwa kawaida lilitoka likiwa na weusi. Safari hii mikunjo yake yote ilikuwa imejaa kitu cheupe, kizito, kinachoteleza. Grisi alikisugua kati ya vidole. Akakinusa.

"Mama, hii si alizeti. Hii ni kama uji."

Bibi alijua kabla hajamaliza kusema. "Nilichuja kwa kitambaa cha mashine," akasema. "Ule mfuko wako ulikuwa unanichelewesha. Lakini nilikikung'uta. Nilikikung'uta sana."

"Hakikung'utiki kikaisha. Unga laini hauonekani, unakaa ndani ya nyuzi." Akatabasamu kidogo, kwa upande mmoja. "Wanafunzi wangu wamewahi kuharibu mafuta kwa kila namna, ila hii ya kuyapikia uji bado."

Wakacheka wote wawili, kicheko cha uchovu. Mzee hakuwa mgonjwa, alikuwa ameshindwa kupata mafuta kwa sababu mlinzi wake ameshiba. Grisi alikwenda mjini kutafuta chujio jipya. Bibi akabaki kukifagia kibanda, kwa vile mikono yake haikujua kukaa bure. Alifagia sakafu, akapangusa kinu, akakung'uta magunia, mpaka jua likaegemea ukuta. Alipotoka, begi lilikuwa pale pale, mto umetoa shingo. Alikwenda kukaa kizingitini. Kijino akaja mbio, akajitupa mapajani.

"Bibi, mama anasema leo tunalala nyumba nyingine. Wewe utalala wapi?"

"Nitalala na Mzee. Mume wangu yule." Akamweka sawa mapajani. "Haya, leo nina kigumu. Kipya kabisa, hakuna mtu duniani aliyewahi kukisikia. Kitendawili."

"Tega."

"Mlinzi wangu akishiba, mwenye nyumba anakufa njaa."

Kijino alifikiri. Alikuwa ameegemeza shavu kwenye kifua cha bibi, na bibi alihisi mbavu zake ndogo zikipanda na kushuka. Kikohozi kimoja, kikavu. Viwili vilivyoshikana.

"Ni mbwa?"

"Mbwa akishiba analala tu."

Mluzi ulianza. Mtoto alikuwa anatafuta pumzi na jibu kwa pamoja. Kisha akagusa uso wake kwa kidole.

"Ni pua yangu," akasema. "Ikijaa, mimi sipati kitu."

Jibu lilikuwa chujio. Bibi alifungua mdomo amwambie, "nipe mji," kama wafanyavyo watu mwenzao akishindwa kutegua, na mdomo ukabaki wazi.

Mzee alikuwa kimya tangu asubuhi. Bomba lilikuwa baridi. Mchana kutwa hapakuwa na moshi hata wa kumtoa mtu chozi, na mtoto alikuwa akicheza uani bila kukohoa, mpaka sasa hivi. Mpaka hapa.

Bibi alitazama mkono wake mgongoni kwa mtoto. Ulikuwa mweupe mpaka kiwiko. Akatazama kitenge, mikunjo yake yote ilikuwa imejaa. Akalipiga paja lake taratibu kwa kiganja, na mbele ya mwanga wa jioni wingu dogo likainuka, laini, likaelea usoni kwa Kijino, na Kijino akalivuta ndani.

Moshi na vumbi, daktari alisema. Nani katika nyumba ile aliwahi kuuita unga vumbi? Unga ulikuwa chakula. Vumbi lilikuwa la barabarani.

"Shuka," bibi alisema. "Shuka haraka, mama."

"Nimekosea?"

"Hujakosea. Shuka, nenda kwa mama yako."

Kijino alinyoosha mikono. Bibi akarudi nyuma. Hakuwahi kuikwepa mikono ile tangu ilipozaliwa, na uso wa mtoto ulikunjamana, na mama yake akatoka mbio na dawa, akiuliza kumetokea nini.

"Ni mimi," bibi alisema kutoka mbali, mikono ameiinua kama mtu aliyekamatwa. "Mwanangu, ni mimi. Niletee gauni lako moja, liweke bafuni. Usinisogelee."

Alioga mpaka maji yakaisha kwenye ndoo. Akaosha nywele, akasugua ndani ya masikio yote mawili. Nguo zake aliziacha kibandani, zimetundikwa kwenye msumari, na akavaa gauni la binti yake lililombana makwapani. Alipotoka, Grisi alikuwa amerudi na chujio mkononi, na mkewe alikuwa akimweleza kwa sauti ya chini. Grisi alitazama bomba, akatazama msumari wenye nguo, akajipiga paji la uso kwa mkono wenye grisi.

"Naingia pale kila siku," akasema. "Nikapima moshi tu."

"Hatujui bado," mama Kijino alisema. "Isiwe tunajidanganya."

"Hatujui," bibi alikubali. "Nipe mtoto."

Alikaa kizingitini, gauni likimbana. Kijino alikuja kwa mashaka safari hii, akanusa kwanza. "Unanuka mama," akasema, akapanda. Bibi hakumkumbatia. Aliacha mikono pembeni, akasikiliza kwa masikio yote mawili.

Mluzi wa mwanzo ulikuwa bado upo. Ulipanda, ukashuka. Bibi naye akazuia pumzi, kana kwamba akivuta yake atapunguza ya mtoto. Binti yake alisimama mlangoni, mkono juu ya begi. Mluzi ukawa mwembamba. Ukakatika, ukarudi, ukakatika. Kikohozi kimoja kilikuja, bibi akafumba macho akisubiri cha pili na cha tatu vilivyoshikana, na havikuja. Uzito wa kichwa cha mtoto ukaongezeka juu ya kifua chake, uzito ule wa mtu aliyelala.

"Siku moja si dawa," mama Kijino alisema mwishowe, sauti imekwaruza. "Nitaangalia kesho. Na kesho kutwa. Nikisikia tena, mama, nakwambia kweli, tutaondoka."

"Utaondoka, na mimi ndiye nitakayekubebea begi."

Binti aliinama. Akauchomoa mto, akaukung'uta, akasita, akautoa nje kabisa ya ua kwenda kuukung'utia barabarani. Begi lenyewe hakuligusa.

Jumatatu Mzee aliwashwa akiwa na chujio jipya, akinywa moja kwa nne, iliyochujwa kwa mfuko wa sufu, tone, tone. Mlango wa kibanda wa upande wa uani ulipigiliwa misumari, wateja wakapitia barabarani. Bibi alifunga kichwa, mdomo na pua kwa kitambaa, na muuza mkaa akamuuliza ni benki gani anakwenda kuvunja.

Kijino alikatazwa kuvuka kamba ya nguo. Alisimama pale pale kwenye kamba, vidole vya miguu vikikigusa kivuli chake, akipiga kelele kuelekea dirisha dogo la kibanda.

"Bibi! Kitendawili!"

"Tega," bibi alijibu kutoka ndani, kupitia kitambaa, na akapunguza mahindi kinuni ili apate kusikia. Si kitendawili peke yake alichokuwa akikisikiliza.